Huko Lweba Hakuna Anayeitwa Lweba

Durban, 2015

Grace mwanangu,

Wewe bado uko kanisani, kwaya inakuaga, na najua hawatakuachia kabla hawajaimba nyimbo zote wanazozijua na nyingine mbili wasizozijua. Mimi nimewahi kurudi kwa kusema goti linaniuma. Goti haliniumi. Nilitaka nikae hapa mezani peke yangu niandike, maana kesho pale kwenye basi sitasema kitu cha maana. Unanijua. Nitaanza kukagua kamba za mizigo na kugombana na dereva mpaka basi liondoke.

Mambo ya safari sikuandikii. Mama Zawadi anaijua njia ile, amekwenda na kurudi nayo kwa biashara yake ya vitenge, na mtakuwa pamoja mpaka ziwani. Ya kula, ya kulala, ya kuficha pesa, msikilize yeye, mimi nimeshasahau. Ninakuandikia kwa sababu ya lile swali lako la Jumapili ambalo sikulijibu.

Jumapili tulimpigia bibi yako, mzaa mama yako, kumwambia kwamba unakwenda kukaa naye. Ulichukua simu kwa furaha, ukasema kwa ile sauti yako ya dukani, unayowauzia watu simu, "Jambo bibi, ni miye, Grace Lweba." Mimi nilikuwa karibu, nilimsikia bibi akijibu. Sauti yake bado ni ile ile kavu, kama mtu anayebana maneno yasimwishie, kama chumvi ya nyumba.

"Lweba?" alisema. "Lweba ni hapa miye niko. Weye ni nani?"

Ukarudia jina lako taratibu, kama unavyowafanyia wateja wazee. Naye akasema, "Hapa hakuna mutu anaitwa Lweba. Weye ni mutoto wa nani?"

Ukanipa simu. Nami nikaikata, nikakuambia pesa ya simu imekwisha, na wewe ndiye uliyeitia asubuhi ile kwa mkono wako. Hukunisuta. Uliniangalia tu, ukauliza, "Papa, nikifika kule nitasema miye ni nani?" Nikasema tutaongea. Jumatatu nikaenda kazini Clairwood, Jumanne hivyo hivyo, na hatukuongea. Sasa unakwenda kwa mwanamke ambaye macho yake yanazima, uwe mkono wake na macho yake, na mimi ninaogopa kwamba atakupokea kama mgeni. Akifanya hivyo hatakuwa amekosa yeye.

Kwetu, mwanangu, mtoto hachukui jina la baba kama anavyochukua pua yake. Kila mtoto anapewa jina lake mwenyewe, la mtu wa ukoo, na mtu yule anaendelea kukaa nyumbani kwa njia hiyo. Mimi niliitwa Asukulu kwa babu yangu. Mama yako Nyassa alibeba jina la shangazi yake. Wewe ulipozaliwa ulikuwa msichana wa kwanza, kwa hiyo jina lako lilikuwa limeshakusubiri: Wabiwa, mama wa mama yako. Grace lilikuja baadaye, siku ya ubatizo. Tulikuwa watu watatu wenye majina matatu yasiyofanana, na kijiji kizima cha Lweba kilijua wewe ni mtoto wa nani bila kuambiwa.

Huku hawakujua. Siku niliyokupeleka kuandikishwa sekondari, yule mwanamke wa ofisini alitandaza karatasi zetu mezani. Sitaki kumsema vibaya, alikuwa na foleni mpaka nje ya mlango na alikuwa hajanywa hata chai. Akasoma: Asukulu, Nyassa, Wabiwa. Akasema, watu watatu, majina matatu, huyu mtoto ni wa nani? Nikasema ni wangu. Akauliza, "Mimi nitajuaje?" Hakuwa na ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza saa. Nyuma yetu mtu mmoja akasema neno la Kizulu ambalo sikulielewa, ila kicheko nilikielewa.

Ulikuwa na miaka kumi na mitatu, umeshaanza kuona haya kutembea na mimi barabarani. Lakini ulishika shati langu kwa nyuma, pale kiunoni, kama ulivyolishika siku ile tulipovuka mpaka. Sijui kama unakumbuka. Mimi bado nauona mkunjo wa lile shati.

Wakati ule nilikuwa nalinda magari Umbilo, pale chini ya yale magorofa ya zamani karibu na robot, zile taa za barabarani. Katika jengo lile alikaa mama mmoja mzee, Mama Selby, mjane, ambaye gari lake lilikuwa zee kama yeye na lilihitaji kusukumwa mara nyingi zaidi kuliko kulindwa. Nilimbebea mifuko ya dukani, naye alinipa chai kwenye kikombe cha udongo chenye mkono, si kile cha plastiki ambacho wengine walinitengea. Siku ile alinikuta nimekaa kwenye ukingo wa barabara, uso nimeuinamisha. Akauliza kuna nini. Nikamweleza.

Alicheka kidogo, kisha akanipeleka mlangoni, kwenye vile vitufe vya kengele vilivyoandikwa majina ya wapangaji. Akaweka kidole: Preston. Huo ni mji, akasema. Clayton, hicho ni kijiji, tena viko vingi. Bradley, hivyo hivyo. Selby, huo ni mji kule kaskazini mwa Uingereza, na mume wangu, akasema, alikuwa na jina lake tangu kwa mababu. Akanieleza kwamba zamani watu wa kwao walikuwa na jina moja tu, Yohana, Tomaso, basi. Mtu akihamia mahali pengine akakuta Yohana wengine watatu, walimwita Yohana aliyetoka Selby. Watoto wake walizaliwa huko ugenini, hawakuiona Selby hata siku moja, lakini jina likawashika, likawa la ukoo mzima.

Mimi nilishangaa. Nilidhani Waingereza wana majina makubwa yenye maana za kifalme, kumbe nusu ya jengo lile ilikuwa ikitembea na majina ya vijiji, kijiji cha udongo huu, kijiji cha msitu ule. Nikasema moyoni, eish, kumbe hawa ni kama sisi. Pale kwenye magari tulikuwa na Papa Uvira, tulikuwa na Papa Bukavu, na Mama Kalemie aliyetuuzia maandazi, kila mmoja kwa jina la mji aliotoka. Kama wazungu na ukali wao wote wa karatasi waliona jina la mji linatosha kumfanya baba na mtoto wawe watu wa nyumba moja, mimi ni nani nikatae?

Nilipokwenda kubadilisha karatasi zetu nikaomba sote watatu tuandikwe Lweba. Nilisimama katika foleni ile tangu alfajiri, na sijawahi kusimama katika foleni kwa furaha kama ile. Nikasema, hakuna mtu atakayeuliza tena kama mtoto huyu ni wangu.

Nilirudi nyumbani nikimbebea mama yako ile habari kama zawadi. Alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo, kwa ajili ya jioni, mikono imekuwa ya kijani mpaka kwenye viwiko, baada ya siku nzima ya kusuka watalii nywele South Beach. Nikamsomea karatasi. Aliacha kutwanga.

"Na Wabiwa?" akauliza.

Nikasema Wabiwa halipo tena, ni Grace Lweba, ni rahisi, hata waalimu wataweza kulitamka.

"Umemutoa mama yangu mu nyumba," akasema.

Hakugombana na mimi. Laiti angegombana. Alimaliza kutwanga, akapika, akanipakulia bugali kama kawaida, na minofu mizuri ya samaki akaiweka upande wangu. Na wewe akaendelea kukuita mama, kama alivyokuita tangu siku ya kwanza, kwa sababu ulikuwa na jina la mama yake. Nilikuwa namtania, "Mama gani huyu hajui hata kusonga bugali?" Wewe ulicheka. Yeye hakucheka, na mimi nilijifanya sikuona.

Sasa nikuambie na upande wangu, usije ukadhani nilikuwa mtu mbaya tu. Lile jina lilinipendeza. Mara ya kwanza tulipokuwa kliniki, nesi akatokeza kichwa akaita, "Lweba!" Tukasimama wote watatu kwa pamoja, na watu wakageuka kutuangalia, familia ndiyo hiyo inasimama. Nilijisikia mrefu. Nilifikiri kwamba angalau jambo moja katika nchi hii nimelifanya vizuri.

Halafu mama yako akaugua, akafa, na wewe uliyaona yote, sitayarudia. Ila kuna jambo la mazishi sijui kama ulilisikia. Wale wa makaburini waliandika kibao kwa kufuata karatasi, jina lake la ubatizo na Lweba, basi. Wazee wa kwetu, wale wanaokaa upande wa Point, walipofika kaburini wakasoma, na mzee mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa upole, "Huyu Lweba ndiye nani? Siye tumekuja kumuzika Nyassa." Nilimwambia ni mambo ya ofisi. Akaitikia kwa kichwa. Mwacha asili ni mtumwa, husemwa kwa watu kama mimi, lakini yeye hakulisema, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Na bibi yako nilimwambia kwa simu. Unajua kwetu mkwe akifiwa na mke ugenini, haitumi habari hiyo hewani. Huenda mwenyewe, akakaa chini mbele ya wakwe zake, akaeleza ugonjwa ulivyoanza na maneno ya mwisho yalikuwa yapi, akaruhusu watu wamlilie na wamtukane wakitaka. Mimi nilimtaka binti yule nikiwa kijana, nikaahidi mbele ya mama yake kwamba nitamleta kila mwaka wakati wa mavuno. Halafu nikampigia simu kwamba amekufa na tumeshamzika. Watu wakiniuliza kwa nini sirudi nyumbani, nasema karatasi, nasema kazi, nasema nani ataangalia kaburi la mke wangu. Yote ni kweli. Lakini kweli yenyewe ni kwamba siwezi kupita mlangoni kwa yule mama mikono mitupu.

Mwaka huu ukaja na fujo zake za kuwafukuza wageni. Sisi wawili tulilala kwenye mahema na wengine, na baadaye ukarudi dukani. Siku ile mteja uliyemzoea, uliyemtengenezea simu mara nyingi bila kumdai, akakuambia urudi kwenu, nawe ukamjibu kwa Kizulu kizuri kuliko chake. Uliporudi nyumbani hukulia. Ulivua viatu, ukasema, "Papa, nimechoka kurudishwa mahali nisipopakumbuka. Wanasema nirudi kwetu. Basi ngoja nione hiyo kwetu."

Nilikupinga, unakumbuka. Nilisema umeme hakuna, kazi hakuna, vita haviaminiki. Nilikuambia maneno mabaya, kwamba masomo yako ya kuhudumia wagonjwa nimeyalipia ukamhudumie nani, mbuzi? Ukaniambia bibi anapofuka na hana mtu. Kumbe nilikuwa nakutisha kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na hofu, ya kubaki katika chumba hiki nikisikia friji peke yake.

Baada ya kukata ile simu ya Jumapili, nilikumbuka kwamba habari ya Mama Selby ilikuwa na nusu ya pili. Aliniambia zote siku moja, pale pale kwenye kengele, lakini mimi nilikuwa nimeshapata nilichokitaka, nikaacha kusikiliza.

Alisema mume wake alipostaafu waliweka akiba mpaka wakaweza kwenda Uingereza. Mume alikuwa amezaliwa hapa hapa Durban, na maisha yake yote aliingoja siku ya kufika katika mji wenye jina lake. Wakafika Selby. Kuna kanisa kubwa na mto wa maji ya kahawia, na siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Akaingia katika bucha, akavua kofia, akamwambia mwenye bucha, "Sisi ni akina Selby." Mwenye bucha akasema vizuri sana, na akauliza wanataka nyama gani. Mzee akadhani hakusikika. Akasema tena. Yule bwana akajifuta mikono, akawaeleza kwa heshima kwamba yeye ni wa pale, baba yake wa pale, babu yake wa pale, na hajawahi kumjua mtu wa pale mwenye jina hilo. Yeye mwenyewe aliitwa Bolton, na Bolton ni mji mwingine kabisa.

Wakanunua soseji, maana waliona aibu kutoka bila kitu. Katika treni ya kurudi mzee alikaa na lile furushi mapajani, akamwambia mke wake, "Wote walioitwa hivyo walishaondoka." Mama Selby aliniambia hayo akicheka, lakini alikuwa ameshika ukuta.

Mimi siku ile nilicheka naye, kisha nikaenda zangu kutafuta jina. Sikujiuliza mtu wa Lweba ataitwaje akiwa Lweba. Nilikuwa naangalia kaunta moja ya shule moja, na sikuwaza kwamba kuna mlango mwingine ambao siku moja utasimama mbele yake na utaulizwa swali lile lile, na kule jibu langu litakuwa si kitu. Huku jina lile linasema sisi tumetoka wapi. Kule halisemi chochote, maana wote wametoka hapo, mpaka kuku.

Basi swali lako ndilo hili ninalolijibu. Ukifika, usitaje Grace kwanza, wala hilo lingine. Acha mizigo nje. Ingia, umshike mkono, umwambie, "Miye ni Wabiwa, mutoto wa Nyassa." Halafu unyamaze. Nadhani atalia. Mwache alie, usimbembeleze haraka kama mnavyofundishwa kwa wagonjwa, maana atakuwa anamlilia binti yake mbele ya mtu wa damu kwa mara ya kwanza. Kisha mweleze ugonjwa ulivyoanza, na jinsi mama yako alivyokuwa akikuita mpaka siku ya mwisho. Hayo yalikuwa kazi yangu. Nimeshindwa, na ninakutuma wewe, na kukutuma kwenyewe ni aibu nyingine. Akiniapiza, usinitetee.

Mama Zawadi anasema kule utaandikishwa karatasi mpya, na wataandika jina utakalolitaja. Taja Wabiwa. Nimelifikiria hili wiki nzima nikiwa getini Clairwood, malori yanaingia na kutoka, madereva wananipigia honi niamke. Najua maana yake. Siku moja utakuja kuniona, au nitalazwa hospitali na wewe utafika kuniulizia, na mtu atatazama karatasi yako na yangu, majina mawili yasiyojuana, na atakuambia, nitajuaje kwamba huyu ni baba yako? Nilifanya yote yale ili usisimame tena mbele ya swali hilo, na sasa ninakurudisha mbele yake kwa mkono wangu. Hakuna ofisi popote duniani itakayojua kwamba wewe ni mtoto wangu. Inaniuma, mwanangu. Nilipoanza kuandika sikujua kwamba itaniuma hivi.

Lakini bibi yako hataki kujua unatoka wapi. Anataka kujua wewe ni nani, na jibu unalo tangu siku uliyozaliwa, nililificha tu. Nenda nalo. Hilo la Lweba niachie mimi, maana aliyeondoka ni mimi.

Baba yako